Cheti cha Siku Moja

Naomba nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa hasira. Watu wa nyumbani kwetu wakifika hapo watacheka mpaka wavunjike mbavu, lakini waache wacheke. Siku ile hata mtawa angepiga meza ngumi.

Mama yangu ni fundi wa magauni ya harusi. Karakana yake iko chini, chumba cha mbele, na ndani yake mna meza ya kukatia ambayo seremala aliitengenezea humo humo. Kuitoa mlangoni haiwezekani, labda ubomoe ukuta. Chumba chake cha kulala kiko ghorofani. Katikati pana ngazi, na ngazi hizo ndizo zilizomwangusha. Alikuwa anashuka na majora mawili ya bitana kifuani, haoni mbele, amekataa kusaidiwa kama kawaida yake. Mguu ukavunjika juu ya goti. Daktari akaufunga plasta, akamwambia asiukanyagie chini hata kidogo, na asibebwe ngazini na watoto wake. Hilo la pili alilisema baada ya kututazama, mimi na kaka.

Sasa kwenye rafu ya karakana kulikuwa na kitambaa cha lasi, cheupe, chenye maua makubwa yaliyotawanyika. Kilikuwa cha binti mmoja anayeolewa. Mama yake ndiye aliyekinunua zamani, akakifungia kabatini kikisubiri harusi ya mwanawe, na kabla harusi haijafika yeye akafariki. Hakikuwa na mwenzake popote. Ukikikosea, umekikosea. Binti alikuwa aje kesho yake asubuhi kujaribu gauni, na gauni lenyewe lilikuwa bado kitambaa.

"Wifi yako hawezi kukikata?" nilimuuliza mama nilipofika. Mimi naishi mbali kidogo na nyumbani. Nilikuja mbio na kompyuta yangu mgongoni niliposikia habari ya mguu.

"Wifi yangu mimi yuko kaburini," alisema mama. "Kama unamsema mke wa kaka yako, ni wifi yako wewe. Na hawezi."

Hapo ujue mguu unauma lakini ulimi mzima.

Wifi yangu amekaa karakana na mama tangu aolewe. Anashona, anapiga pasi, anapachika vifungo, anatia lulu moja moja mpaka macho yanamwiva. Kitu kimoja tu hajawahi kuruhusiwa, nacho ni kukata kitambaa cha mteja. Mkasi wa mama unashikwa na mama. Wifi amekata magazeti, amekata mashuka mabovu, amekata mapazia ya watu waliohama. Kitambaa cha mteja, hapana. Wala halalamiki, ndiyo tabia yake, anameza na kuendelea. Mimi ningekuwa nimeshapasua kitu.

Mama alitoa hukumu akiwa ameegemea mito, tableti yake tumboni. "Kama siwezi kuuona mkasi unapita wapi, kitambaa hicho kirudi kwa mwenyewe leo hii. Na mbandike karatasi mlangoni kwamba fundi ameacha kazi. Si mpaka mguu upone. Ameacha."

"Mama, jamani, unatia chumvi," alisema kaka.

"Mimi? Muulize wifi wa dada yako kama mimi natiaga chumvi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilimwona anavyokikamata kile kikombe kwa mikono miwili. Karakana hiyo ikifungwa, yeye atakwenda wapi na vidole vyake?

Kaka, ambaye anauza matairi na anajua kila kitu, alipendekeza tupige simu ya picha. Simu yake ikae juu ya meza ya kukatia, mama aangalie kwenye tableti, aelekeze. Tukajaribu kwa gazeti. Wifi akakata, mama akasema "simama", na wifi akasimama, naam, lakini mkasi ulikuwa umeshavuka mstari kwa upana wa kiganja. Sauti ilichelewa. Tukajaribu tena, ikachelewa zaidi, na picha ikaganda mama akiwa mdomo wazi.

"Hilo gazeti lingekuwa lasi," alisema mama, "saa hizi ningekuwa namwandikia binti wa watu barua ya rambirambi ya pili."

Na mimi ndipo nikafungua mdomo wangu. Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za kurusha picha moja kwa moja kwenye mtandao. Ndiyo ninayolia nayo kila siku. Nikawaeleza kwamba picha ile inatoka karakana, inakwenda hadi kwenye mashine za kampuni huko ng'ambo, ndipo inarudi kupanda ghorofani. Inazunguka dunia kwa sababu ya ngazi moja. "Nitawatengenezea ya kwetu," nikasema, kifua mbele. "Picha isitoke nje ya mlango. Simu iongee na kompyuta yangu, kompyuta iongee na tableti, basi. Nusu saa tu."

"Nusu saa yako au ya saa?" aliuliza mama.

Nikajitia sijasikia.

Ukurasa wenyewe nilikuwa nao tayari kwenye kompyuta, ni wa majaribio ya kazini. Niliufungua pale pale mezani karakana, kamera ya kompyuta ikawaka, uso wangu ukatokea, nikamtolea kaka ulimi kupitia kioo. Raha mustarehe. Kisha nikaufungua kwenye simu ya kaka, ambayo tulikuwa tumeibana kwa vibanio vya nguo kwenye bomba la kutundikia magauni, inaangalia chini. Ukurasa ukaja. Kamera ikakataa. Haikuuliza hata ruhusa. Kimya.

"Imeharibika," alisema kaka.

"Haijaharibika! Usiseme kitu usichokijua!" Mnaona? Nilikuwa bado sijakasirika hapo, nilipaza sauti tu.

Kosa lilikuwa langu, na nililijua mara moja, na ndiyo maana nilipaza sauti. Kivinjari, yaani ile programu unayofungulia kurasa, hakimpi kamera kila anayebisha hodi. Kompyuta ikijifungulia ukurasa wake yenyewe, haina shida, ni mtu na nafsi yake. Lakini ukurasa ukitoka mashine nyingine, hata kama iko chumba hicho hicho, kivinjari kinataka cheti: karatasi ya kielektroniki inayosema huyu ndiye kweli, na maneno mnayosemezana hayachunguliwi. Bila cheti, hupewi kamera wala kipaza sauti.

Basi nikatengeneza cheti. Amri mbili tatu kwenye kompyuta, kikatoka. Nikakiweka, nikafungua tena ukurasa kwenye simu, na simu ikapiga kelele kwa maandishi mekundu kwamba hapa si salama, kuna mtu huenda anataka kuniibia.

"Anayetaka kukuibia nani?" aliuliza wifi, akichungulia.

"Mimi."

"Sasa?"

"Sasa cheti nimejiandikia mwenyewe na kujisaini mwenyewe. Simu inauliza, anayekudhamini ni nani?"

Kutoka ghorofani ikashuka sauti ya mama, kwa sababu mguu wake umevunjika lakini masikio yamebaki. "Yaani umejiandikia cheti, ukajisaini, ukajisifia! Hata mimi naweza kujiandikia kwamba nina miguu miwili!"

Wifi akageukia ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Kaka hakugeuka popote, alicheka usoni pangu.

Nikawaambia ngojeni. Nyumbani kwetu mtu akija kuomba kazi, mama haulizi unajua nini. Anauliza umeletwa na nani. Akitajiwa mtu anayemfahamu, mgeni anapewa kiti. Na simu ndivyo zilivyo. Kila simu inatoka kiwandani ina orodha ya wadhamini inaowaamini. Cheti kikiwa na saini ya mmoja wao, kinapita. Mimi sikuwa na haja ya kwenda kwa wadhamini wa dunia kwa ajili ya ngazi ya mama. Nilichohitaji ni kutengeneza mdhamini wangu wa nyumbani, nimtambulishe kwenye simu na kwenye tableti, kisha yeye ndiye asaini cheti. Kazini tunafanya hivyo kila siku. Kuna sharti moja tu: ufunguo wa huyo mdhamini usimpe mtu, hata ndugu wa tumbo moja, maana mwenye nao anaweza kujisainia tovuti yoyote na simu yako ikamwamini.

"Hata mimi?" aliuliza kaka.

"Hasa wewe."

Na kwa sababu kazini wamenikaripia mpaka nikakonda, nikaongeza tahadhari yangu mwenyewe: cheti nikakipa uhai wa siku moja. Kazi ni ya leo, cheti cha leo. Kesho hata akikiokota mwizi, hakina maana. Nilijiona nina akili hapo, acheni tu.

Simu ya kaka ikamkubali mdhamini bila matata. Nikafungua ukurasa. Ikauliza ruhusa ya kamera kwa adabu kabisa, nikabonyeza ndiyo, na meza ya kukatia ikajaa kwenye kioo cha kompyuta yangu, na chaki, na pini, na upara wa kaka unaopita. Tukashangilia. Pale pale simu ikalia, mteja anataka matairi ya nyuma ya gari la mizigo, na picha ikakatika.

"Zima simu zako!"

"Ndiyo simu yenyewe hiyo, nitaizimaje?"

"Zima laini, acha waifai! Unataka tukate gauni au tuuze tairi?"

"Mteja ni mteja," alisema kaka, lakini alizima. Aliona uso wangu.

Nikapanda ghorofani na roho nyepesi. Ikabaki tableti ya mama tu, na mama mwenyewe. Ili kumwingiza mdhamini, tableti ilitaka namba ya siri. Mama akaniamuru nigeuke ukutani. Nikageuka. Akasema nigeuke vizuri, kioo cha kabati kinaonyesha. Nikafumba macho, mwanamke mzima mwenye mkataba wa kazi, nimesimama pembeni kama niliyekosa darasani. Kisha akasoma onyo lililotokea, neno kwa neno, kwa sauti ya mtangazaji wa habari.

"Inasema kuna mtu anaweza kuchungulia mambo yangu."

"Mtu huyo ni mimi, mama."

"Ndiyo maana nasita."

"Mama!"

"Haya, haya. Nimebonyeza. Wewe mtoto una hasira, sijui ulizitoa wapi."

Nikafungua ukurasa. Maandishi mekundu. Nikayasoma: cheti cha tovuti hii kimekwisha muda wake.

Kimekwisha? Kimezaliwa sasa hivi, hata hakijapoa! Nikasema labda nimekosea amri. Nikashuka ngazi, nikatengeneza kingine, nikapanda. Kimekwisha. Nikashuka. Nikaangalia saa ya kompyuta, iko sawasawa. Nikaangalia saa ya simu ya kaka, sawasawa. Nikatengeneza kingine, nikapanda, magoti yanaanza kulalamika. Kimekwisha. Nikajaribu kulazimisha, nikabonyeza pale panaposema endelea hivyo hivyo. Ukurasa ukafunguka, lakini njia ya picha ikakataa katakata. Nikazima tableti nikaiwasha. Nikazima rauta, kile kisanduku cha waifai, nikaiwasha. Nikamwambia kaka asipumue karibu na rauta.

Chini, wifi alikuwa amekitandaza kitambaa mezani na kukilainisha kwa viganja, amepanga pini, ameosha mikono, ameikausha, ameiosha tena. Mistari ya chaki mama alikuwa ameichora kabla hajaanguka. Jua lilikuwa limeshahama dirisha la kwanza. Binti wa watu akapiga simu kwa wifi kuuliza, kwa sauti ndogo, kama kila kitu kinakwenda vizuri. Wifi akanitazama. Nikamwashiria kwa kidole gumba kwamba ndiyo.

"Kinakwenda vizuri, mdogo wangu," alisema wifi kwenye simu. Alipokata akaniambia, taratibu, "Wifi, kama haiwezekani sema tu. Nikunje kitambaa vizuri kabla hakijashika vumbi."

Hilo lilinichoma. Angenitukana ingekuwa nafuu. Nikapanda zile ngazi kwa kishindo, na niliingia kwa mama nikiwa nafoka kabisa kabisa, nakiri, mtawa yule niliyemtaja angekuwa ameshavua kanzu.

"Hii tableti yako imelaaniwa! Inasema cheti kimekwisha! Mama, nimekitengeneza mimi, kwa mikono yangu, sasa hivi!"

"Pengine kimekwisha kweli."

"Kitakwishaje? Mwisho wake ni kesho!"

Mama akanitazama kwa utulivu ulionizidishia wazimu. "Kesho ipi?" akauliza.

"Kesho! Kesho kuna ngapi?"

Akashusha macho kwenye tableti, nami nikayafuata macho yake, mpaka pembeni juu pale penye saa. Nikaivuta tableti karibu. Nikasoma tarehe. Nikaisoma tena. Tableti ya mama ilikuwa mbele yetu sote kwa wiki nzima.

Nieleze kidogo, maana asiyekulia nyumba yetu ataona tumerogwa. Mafundi wa nguo wana sifa moja dunia nzima: njoo kesho. Mama aliichukia sifa hiyo tangu alipofungua karakana, akala kiapo kwamba hakuna bibi harusi atakayeambiwa njoo kesho mlangoni pake. Dawa yake ikawa ni kalenda. Kalenda ya karakana huchanwa wiki moja kabla, ili wote humo ndani waishi kwa hofu ya tarehe ambayo haijafika, na nguo imalizike mapema. Hiyo niliijua. Kaka amekatiwa keki ya siku yake ya kuzaliwa akiwa hajafikia umri huo, mwaka baada ya mwaka. Nisichokijua ni kwamba nilipohama, mama alipopewa tableti, akaona nayo isije ikaleta uzembe, akaiingiza kwenye utaratibu. Kurasa nyingine za mtandao zilimvumilia, kwa sababu vyeti vyao ni vya miezi. Changu cha siku moja, tableti ilikiona ni marehemu wa wiki iliyopita.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imetulia ajabu, "nitairudisha tarehe leo, dakika moja tu."

"Haiguswi."

"Mama."

"Tarehe yangu haiguswi! Nguo zote ziko kichwani mwangu kwa tarehe hiyo. Ukiirudisha nyuma leo, nitaamka sijui gauni la nani linatoka lini. Nimevunjika mguu, unataka univunje na kichwa?"

"Kitambaa kimetandazwa chini, kinangoja! Kwa sababu ya wiki yako ya uongo!"

"Si ya uongo. Itafika." Akajiweka sawa kwenye mito. "Na cheti ni nani aliyekiandika? Si wewe? Ungekiandika kirefu ungetozwa ushuru?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, ya kitaalamu, yenye istilahi. Nikayameza yote, nikashuka, nikatengeneza cheti cha mwaka mzima, mdhamini akakisaini, nikapanda, nikafungua ukurasa. Tableti ikauliza kwa adabu kama inaweza kutumia kipaza sauti. Nikabonyeza ndiyo. Na meza ya kukatia ikatokea mikononi mwa mama, angavu, mpaka nyuzi za lasi zinahesabika.

Mama akaisogeza tableti karibu na uso. Maneno ya kwanza kupita kwenye mtambo wangu, mtambo niliouvujia jasho, yalikuwa haya: "Mbona hapo kuna makombo?"

"Wapi, mama?" sauti ya wifi ikajibu papo hapo, na mkono ukatokea ukafuta.

Tukapima kwa gazeti. Wifi akakata, mama akasema "simama", na mkasi ukasimama pale pale, haukuongeza hata herufi. Mama akapandisha nyusi. Kwake hiyo ni nishani. "Haya," akasema. "Weka lasi."

Nikashuka nikakae na kompyuta, nichunge mtambo. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mikono amebana katikati ya magoti, hauzi tairi wala haongei. Wifi akashika mkasi wa mama. Ni mkasi mzito, mweusi, vishikio vyake vimeliwa na vidole vya mama, na kwenye mkono wa wifi ulionekana mgeni.

"Anzia begani," alisema mama kupitia simu. "Usiharakishe."

Wifi akaanza. Niwaambie, mimi nimeona mitambo mikubwa ikiwashwa mbele ya wakubwa, lakini sijawahi kubana pumzi vile. Mkasi ukala lasi kidogo kidogo, krr, krr. Bega likapita. Akasimama kidogo kumsikiliza mama. Mama kimya. Akaendelea, kwapa likapita, ubavu ukapita, akazunguka meza kwa soksi ili asitikise. Mama kimya.

"Niendelee hivi hivi, mama?"

Kimya.

Nikaangalia kompyuta. Mstari wa sauti ulikuwa kijani, njia iko wazi. Niliweza kusikia hata kitanda chake kikilia. Wifi akanitazama, nikamwonyesha kwa ishara kwamba anasikia, mtambo mzima. Akainamia meza tena.

Akafika shingoni. Pale mstari wa chaki ulipita katikati ya ua moja kubwa, unaligawa nusu. Mama alikuwa ameuchora haraka, na ndipo akapanda kufuata ile bitana iliyomwangusha. Wifi akasimama. Akaliangalia ua. Akamwita mama mara moja, kwa sauti ya chini, hakujibiwa. Akachukua chaki, akauhamisha mstari wa mama kwa upana wa kidole, nje ya ua.

Mstari wa mama hauhamishwi! Nilisubiri paa lianguke. Nilisubiri ile "simama" ya kuvunja vioo. Kaka alifumba macho kabisa.

Haikuja. Wifi akauma mdomo, akakata. Ua likabaki zima, ukingoni mwa shingo, pazuri mno. Akakata kipande cha mwisho, akaweka mkasi chini, akarudi nyuma hatua moja, mikono hewani kama mtu aliyeshikiwa bunduki.

"Mama? Nimekosea?"

Kimya.

"Mama, nimekosea wapi?"

Nikasema mtambo umekufa, utakuwa umekufa, na mstari wa kijani unanidanganya. Nikapanda mbio.

Mama alikuwa ameishika tableti kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamejaa maji, yanashuka mpaka shingoni, wala hayafuti. Ndani ya kioo wifi alikuwa bado amesimama pembeni ya meza, anatazama juu kwenye simu, anangoja.

"Hukumsikia?" nilinong'ona. "Anakuita!"

"Nimemsikia."

"Sasa mbona humjibu?"

"Lile ua," alisema mama. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie asogeze. Akasogeza kabla sijasema." Akatikisa kichwa polepole. "Kila mahali nilipotaka kusema, nilikuta ameshafanya. Muda wote huo nimekaa nangoja akosee."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Mama akanipa tableti. Akajinyoosha, akateremka kwenye mito, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke niliona maumivu yakimtokea usoni waziwazi, kwa sababu aliyaacha yatokee. Mpaka wakati ule alikuwa hajalala vizuri, wala hajakubali dawa ya usingizi, wala hajalalamika.

"Huu mguu unaniuma, mwanangu," alisema. "Unaniuma sana. Kumbe naweza kuumwa."

Nikampa dawa. Akainywa bila ubishi, akageuza uso upande wa ukuta, na usingizi ukamchukua nikiwa bado nimeshika glasi.

Nilishuka taratibu, nikikanyaga pembeni ili mbao zisilie. Wifi alikuwa pale pale. Hakuwa amegusa kitu.

"Amesemaje?"

"Amelala."

"Amelala?" Akanitazama kama niliyemtania. Mama hajawahi hata kusinzia mkasi ukiwa unatembea nyumba ile; anaweza kuacha chakula, akaacha wageni sebuleni, akaja kusimama nyuma ya mtu anayekata gazeti. "Amelala kabla ya kuniambia?"

"Amelala, wifi."

Ndipo akaelewa. Akakaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya lasi, akajifunika uso kwa aproni yake, akalia kwa sauti. Kaka akafumbua macho, akaruka kutoka kwenye kiti, akauliza kwa kelele nani amekufa.

Nikamwambia anyamaze, mama amelala.